Nyimbo milioni 100, na za bibi

Hapa Katoro masikio hayapumziki. Dukani singeli, kwa jirani injili, bodaboda inapita na nyimbo za Kisukuma. Kwenye simu ndiyo usiseme: Spotify pekee ina nyimbo zaidi ya milioni 100. Kwa dakika tatu kila wimbo, usiku na mchana, ungehitaji zaidi ya miaka 570 kuzimaliza.

Enzi za RTD redio ndiyo ilichagua. Ukipigwa wa Mbaraka Mwinshehe, nyumba nzima inasikiliza mpaka mwisho. Binti yangu wa miaka 12 huruka wimbo kabla ya kiitikio, maana mwingine unasubiri. Mwambie aimbe mmoja mpaka mwisho, hana.

Kinachoniuma zaidi, nyimbo za bugobogobo ambazo bibi yake aliimba akilima hazimo humo simuni. Zimo kichwani mwa bibi, naye ana miaka 78.

Basi Jumapili jioni simu zinawekwa kabatini. Bibi anaanzisha, sisi tunaitikia. Wiki nzima ni wimbo huo huo. Mzazi mwenzangu, tumefikisha minne, na binti anaimba yote bila kuruka.