Sheria Isiyotaja Rangi

Ndugu msomaji, dhuluma haiji daima ikiwa imekunja uso. Mara nyingine huandikwa kwa kalamu safi isiyomtukana mtu. Mimi nimezeekea mbele ya watoto wa chuoni, na jambo hili nalijua kwa mizani ndogo ya mwalimu. Mwalimu akisema kuwa tende watapewa waliofika kabla ya jua kuchomoza, na hali ajua fika kwamba watoto wa ng'ambo huvuka kwa mashua ya baadaye, hakumtaja yeyote, lakini amekwisha kuwanyima wa ng'ambo.

Hebu tutazame yaliyopita Marekani. Tarehe 14 Agosti 1935, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya hifadhi ya jamii, iliyowawekea wafanyakazi pensheni ya uzeeni na posho ya kuwafaa wakikosa kazi. Ilikuwa sheria njema, na haikutaja mweusi wala mweupe. Ila katika mambo hayo mawili iliwaacha nje wafanyakazi wa mashamba na watumishi wa majumbani. Wazungu wengi waliachwa pia, hilo ni kweli. Lakini kwa Wamarekani weusi, zaidi ya nusu ya wafanyakazi wao walikuwa katika kazi hizo, kwani ndizo walizoachiwa tangu utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865. Wakili Charles Houston aliiambia kamati ya Seneti mwaka huo huo wa 1935 kwamba muswada ule ni mfano wa chekeche, ambalo matundu yake yatosha kuwapitisha chini wengi wa watu weusi.

Wako wasemao kuwa sababu ilikuwa ugumu wa kukusanya michango ya vibarua. Na iwe hivyo. Aliyeanguka tunduni hashibi kwa kuambiwa kuwa hakukusudiwa. Wengi wao walingoja mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1950, na tena 1954.

Na watoto je? Jimbo la Alabama liliweka kanuni ya kukata msaada wa watoto iwapo mama yao ana uhusiano na mwanamume, hata kama mtu huyo hawalishi. Hapo tena rangi haikutajwa, na waliokatiwa wengi mno walikuwa weusi. Mwaka 1968 Mahakama Kuu ya Marekani iliitangua kanuni hiyo. Neno la mama ni la mama. Mtoto kosa lake lipi hata anyimwe chakula?

Basi, ndugu yangu, ukisomewa kanuni ya mgao wowote, usitosheke na maneno yake. Wahesabu waliopata, kisha wahesabu waliobaki mlangoni, uulize kwa nini wafanana.

Wala tusiishie kuwahukumu walio mbali. Yule mama afuaye nguo zetu na kulea wajukuu zetu, mwezi huu ni nani katika sisi aliyempelekea mchango wake katika mfuko wa hifadhi ya jamii?