Small Heath, Mtaa Ulioizaa Bantam

Wengi wetu tulioko Uingereza tunaijua Small Heath, mjini Birmingham, kwa msikiti wa Green Lane, lile jengo la matofali mekundu ambalo zamani lilikuwa maktaba na hodhi la kuogelea la umma. Wachache wanajua kwamba si mbali na hapo, katika barabara iitwayo Armoury Road, ndipo ilipoundwa pikipiki iliyowapeleka kazini maelfu ya Waingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili: BSA Bantam.

BSA ilianzishwa na mafundi wa bunduki mwaka 1861. Ndiyo maana alama yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Tarehe 19 Novemba 1940 ndege za Ujerumani zilikipiga mabomu kiwanda hicho, na wafanyakazi 53 wakafa. La ajabu ni kwamba mwaka 1948 kiwanda hicho hicho kilitoa pikipiki iliyobuniwa Ujerumani. Michoro ya DKW RT 125, ya mji wa Zschopau, ilichukuliwa kuwa fidia ya vita. Warusi na Wamarekani nao waliiiga. Waingereza waliigeuza kama sura katika kioo, ili gia ikanyagwe kwa mguu wa kulia, kama ilivyokuwa desturi yao.

Bantam ya kwanza, D1, ina silinda moja yenye kipenyo cha milimita 52, na pistoni husafiri milimita 58. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 123. Nguvu zake ni za farasi 4.5 tu, na gia ni tatu. Gurudumu la nyuma halina springi. Mpandaji hutegemea springi za kiti.

Injini yake ni ya mapigo mawili, wala haina vali. Pistoni ikipanda, huubana mchanganyiko wa hewa na petroli ulio juu yake na papo hapo huvuta mwingine chini yake. Plagi ikiwasha, pistoni hushuka, hufungua tundu la moshi, kisha matundu ya kuingizia mchanganyiko mpya. Oili hutiwa ndani ya petroli yenyewe, na ndiyo asili ya ule moshi wa buluu wanaoukumbuka waliokulia Unguja miongoni mwa Vespa za zamani.

Kwa kuwa viungo vyake ni vichache, mtu wa kipato kidogo aliweza kuifungua na kuitengeneza uani kwake. Vijana wa Posta waliipanda, ikiwa imepakwa rangi nyekundu, wakipeleka simu za maandishi.

Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwaka 1955 Yamaha ya Japani ilitoa pikipiki yake ya kwanza kwa kufuata mchoro ule ule wa Zschopau, kisha haikuacha kuuboresha. Bantam iliongezewa ukubwa na gia ya nne, lakini kwa mwendo wa pole. Ilikoma mwaka 1971, na mwaka 1973 kampuni ikaanguka. Mtaa mzima ukapoteza riziki iliyotegemewa vizazi kwa vizazi.

Watoto wetu wanakulia juu ya ardhi hiyo. Tuwapeleke katika makumbusho ya pikipiki ya Bickenhill, nje ya Birmingham, wakaone kazi ya mikono ya majirani waliowatangulia. Na tuwafunze kwamba ufundi ni amana: anayeupata hana budi kuuendeleza, kwani mwenziwe aliyeanza na mchoro ule ule hamngojei.