Nilifuata dhahabu Chang'ombe, nikakuta udongo mwekundu!

Wiki hii safu inakupeleka Chang'ombe. Tulia kwanza, usikimbilie daladala ya Temeke! Sisemi ile Chang'ombe ya Dar, jirani na Keko wanakochonga makochi na makabati. Nasema Chang'ombe ya Dodoma, kule nyanda za kati, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako upepo ukivuma mchana vumbi linaingia mpaka kwenye meno.

Kufika siku hizi si kazi. Treni ya umeme ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, unaondoka Dar asubuhi na chakula cha mchana unakula makao makuu. Ukifika mjini, panda bajaji, mwambie dereva "Chang'ombe", basi. Ni uswahilini hasa: nyumba zimebanana, vichochoro vinapinda, mama ntilie huyu, fundi cherehani yule, kuku wanakatiza bila kuomba njia.

Mimi sikwenda kutalii. Nilibeba fremu ya picha ya babu na bibi, nimeifunga kwenye khanga mbili kama mtoto mchanga. Shangazi ndiye aliyenituma. Binti yake alikuwa na send-off baada ya wiki mbili, na shangazi alitaka wazee wale wang'ae ukutani kuliko bibi harusi. "Kaipake rangi ya dhahabu yote, mwanangu, ing'ae!" Amri hiyo.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha fremu. (Fremu za picha, jamani, siyo fremu za maduka!)

"Mbukwa, mzee! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa. Umeniletea mgonjwa?"

Akafungua khanga polepole. Hakusema neno. Akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaiinamisha huku na huku, kisha akauliza, "Nyumbani kwenu nani anaipangusa kwa kitambaa cha maji?"

We! Nikadhani mganga. Kumbe yote yalikuwa wazi pale pale. Sehemu za juu zilizotokeza, ambako kitambaa hupita kila sikukuu, dhahabu ilikuwa imekwisha na chini yake kumebaki wekundu kama udongo wa barabarani. Kwenye mabonde ya nakshi, kitambaa kisikofika, ilikuwa bado inawaka.

Basi bwana, mzee akanipa darasa bila ada. Fremu za kizamani za aina ile hazipakwi rangi. Mbao hupakwa kwanza gundi ya ngozi ya mnyama, halafu chaki iliyochanganywa na gundi hiyo hiyo, mkono baada ya mkono, mpaka iwe laini kama ganda la yai. Juu ya chaki unakuja udongo mwekundu mwororo, nao una gundi. Udongo huo unaloweshwa kidogo, gundi inaamka, ndipo karatasi ya dhahabu inalazwa. Ikikauka inasuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ing'ae. Mafundi wa Ulaya wa kale walitumia hata jino la mbwa, usicheke!

Sasa fikiri mwenyewe. Kama kilichoshika dhahabu ni gundi inayoyeyuka kwa maji, kitambaa cha maji kinafanya nini? Kinaivua nguo, taratibu, sikukuu hadi sikukuu.

Na hiyo "karatasi" isikudanganye jina. Dhahabu hupondwa mpaka uchukue kama elfu moja uzipange ndipo zifikie unene wa karatasi moja ya kawaida. Gramu moja tu inaweza kufunika karibu nusu mita ya mraba. Kwa vidole huishiki, inachanika. Fundi anainyakua kwa brashi pana ya manyoya, baada ya kuipitisha shavuni mwake ipate mafuta kidogo.

Nikamuuliza kama dhahabu ni mambo ya Ulaya tu. Akacheka. "Hapo jirani Singida, Sekenke, Wajerumani walichimba dhahabu!" Ni kweli tupu. Mgodi wa Sekenke, Iramba, ulianza enzi za Wajerumani, na vita vilipowabana mwaka 1916 walitengeneza Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Dhahabu ilitoka Sekenke. Kwa hiyo watu wa nyanda za kati wasidhani dhahabu ni hadithi ya mbali.

Lakini mzee ni mkweli. Dhahabu halisi haweki, hakuna wa kuilipia. Mkate wake ni mwingine. Hapa ndipo makao makuu, uamuzi wa TANU wa mwaka 1973. Serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo kuanzia 2016, ofisi zikaongezeka, na kila ofisi ina ukuta unaodai picha ya Rais. Mwaka 2021, alipofariki Rais Magufuli mwezi Machi na Rais Samia kuapishwa siku mbili baadaye, kuta nyingi zilihitaji picha mpya. Wengine walileta fremu zile zile zibadilishwe picha tu. "Fremu ni kama kiti, mwanangu," mzee akasema. "Mwenye kukalia hubadilika."

Fremu nyingi za leo ni za plastiki, zinakuja ndefu kama mabomba, zimeshapigwa "dhahabu" kiwandani. Fundi anakata pembe, anaunganisha, kwisha. Za mbao anazipaka unga wa shaba uliochanganywa na vanishi. Siku ya kwanza bomba! Ila shaba si dhahabu. Miaka ikienda inafifia, inageuka kahawia kama chai ya rangi.

Hapo ndipo amri ya shangazi ilipokwama.

"Nikiipaka yote leo itawaka," mzee akasema. "Ila nitakuwa nimemzika babu yako mara ya pili. Hii iliyobaki ni dhahabu kweli. Nikishaifunika, atakayekuja kuifunua ataing'oa."

Nikapiga simu. Shangazi akafoka kwanza, wageni watasema tumeweka kikuukuu ukutani. Nikamweleza neno kwa neno. Akanyamaza. Halafu kwa sauti ya chini akasema babu aliinunua fremu ile kwa mshahara wa ukarani wa reli, na bibi alimnunia mwezi mzima kwa sababu pesa ile ilikuwa ya mabati. "Nyumba ilivuja masika yale yote," akasema. "Mwambie fundi asiifunike."

Mzee alifanya kazi siku nne. Akachemsha gundi ya mabaki ya ngozi (na jina la Chang'ombe lilivyo, ngozi ikose wapi!), akaipenyeza kwa brashi nyembamba chini ya magamba yaliyoinuka. Pembe mbili zilikuwa zimeachana. Alisema ni hewa: mbao iliyozoea unyevu wa Pwani ikiletwa Dodoma inakauka na kusinyaa, chaki haisinyai, basi inapasuka. Akajaza chaki palipobomoka tu, akatia wekundu, na unga wa shaba akaugusisha kwenye viraka vile vipya peke yake. Juu ya dhahabu ya zamani hakuweka hata tone.

Sasa na wewe mwenye fremu ya bibi uvunguni, sikia. Ukiona wekundu kwenye kingo na vimstari vyembamba ambapo karatasi zilipandana, huenda ni dhahabu. Imegeuka kahawia au kijani? Hiyo ni shaba. Vumbi liondoe kwa brashi laini, kavu. Maji marufuku, sabuni marufuku, dawa ya vioo ndiyo kabisa! Magamba yakianza kuinuka, usiguse, tafuta fundi. Na akikimbilia kopo la rangi kabla hajaitazama penye mwanga, beba fremu yako uondoke.

Kwenye send-off, watoto wa mjini waliulizana kwa nini fremu ya wazee ina wekundu wekundu. Shangazi akashika kipaza sauti, akawahadithia habari ya mabati yaliyokosekana. Ukumbi ukacheka, kisha ukatulia. Bibi harusi akaenda kupiga picha chini ya fremu ile kabla hajakata keki.

Haya, wiki ijayo panapo majaliwa tutaibukia mtaa mwingine. Kaa mkao wa kusoma!