Zamu ya Usiku

Mtoto wetu wa mwisho ana miaka 5, na tangu ajue kutembea, usiku wetu una zamu. Mama hukesha hadi saa 7, baba hupokea hadi alfajiri. Tunamlaza saa 2. Saa 5 bado anaruka kitandani, anataka maji, anamwamsha dada yake. Akipitiwa na usingizi, saa 9 yuko macho tena.

Wapendwa wengi walitushauri. Wapo waliosema ni deko, wapo waliosema ni pepo. Maombi yote tuliyapokea kwa shukrani. Ila daktari wa watoto, baada ya kumchunguza na kumsikiliza mwalimu wake wa chekechea, alitueleza kwamba ana hali ya upungufu wa umakini na kuhangaika kupita kiasi, na kwamba watoto wengi wa namna hii husumbuliwa na usingizi. Kwa baadhi yao, melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umefika, huchelewa kupanda. Tena mtoto aliyekosa usingizi mara nyingi hasinzii kama mtu mzima, huzidi kuchachamaa. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku. Wetu alikuwa akipata 7.

Daktari aliuliza pia kama anakoroma, maana mafindofindo makubwa huweza kuharibu usingizi. Kisha akatupa utaratibu kabla ya dawa: kuamka wakati uleule kila siku, hata Jumamosi, kucheza nje mchana, televisheni na simu kuzimwa mapema, halafu kuoga, hadithi moja, sala fupi, taa kuzimwa. Siku nyingi sasa analala kabla ya saa 4. Siku nyingine hapana, nasi tunarudi kwenye zamu.

Katika uchovu huo tumemsoma Eliya upya, katika 1 Wafalme 19. Alichoka mpaka akaomba kufa. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale chini ya mti, malaika akamgusa, akala, akalala tena. Tukaelewa kwamba usingizi nao ni huduma ya Mungu kwa mwanadamu, na kwamba kumrudisha mtoto kitandani mara ya sita, kwa sauti ya upole, ni sehemu ya utumishi wetu.

Jumuiya yetu ilihamisha ibada ya nyumbani kutoka saa 1 usiku hadi saa 10 jioni, watoto wawahi kulala. Bibi mmoja humchukua mtoto wetu kila Jumamosi mchana, nasi tunalala. Hakutuhubiria, alibisha hodi tu.

Ndugu msomaji, ukimwona mama anasinzia wakati wa mahubiri, huku mwanawe akizunguka chini ya mabenchi, usiharakishe kumtaja shetani. Muulize amelala saa ngapi, kisha umpokee mtoto.