Bangkok Usiku: Nilichokiona Nana, na Dada Aliyenijibu kwa Kiswahili

Tangu nirushe picha za Bangkok, meseji zinazoingia ni za aina moja tu. "Oya mwanangu, watoto wa huko vipi?" "Ni kweli bei chee?" "Ulionja?" Sasa leo naandika yote kwa mpigo ili mniache nipumzike. Jibu fupi: sikuonja. Jibu refu ndiyo hili hapa, na huko mbele kuna dada yetu ndani yake, kwa hiyo usiishie njiani.

Kwanza nilifikaje. Msije mkadhani nina hela. Kuna mama mmoja wa Kariakoo anafuata nguo kule mara kadhaa kwa mwaka. Magoti yamemchoka, akataka kijana wa kumbebea mabegi. Tiketi yake, chakula chake, mgongo wangu. Tukapita Addis Ababa, tukatua Suvarnabhumi, wakakagua cheti cha homa ya manjano kabla hata ya pasipoti, hao mjini. Mchana kutwa tuko Pratunam na lile jengo la Platinum, panda ngazi shuka ngazi, bei ya nguo moja ni nyingine na bei ya nguo tatu ni nyingine. Ikifika saa mbili usiku Mama amelala. Mimi na kaka mmoja wa biashara ya simu tuliyemkuta pale hotelini, nitamwita Braza, tukawa tunatoka kuona jiji.

NANA NDIYO WAPI

Unapanda treni ya juu kituo cha Chit Lom, vituo viwili tu unashuka Nana. Barabara kubwa inaitwa Sukhumvit, na vichochoro vyake vinaitwa soi, vimepewa namba. Namba shufwa upande mmoja, namba witiri upande wa pili. Soi 4 ndiko kwenye Nana Plaza, jengo la ghorofa tatu lililozunguka uwanja wa katikati, baa tupu kila mlango. Pale getini kuna bango linajisifu kuwa huu ndio uwanja mkubwa kuliko yote duniani wa michezo ya wakubwa. Hawafichi kitu.

Ndani wanawake wamesimama jukwaani na nguo za kuogelea, kila mmoja ana kibati chenye namba. Yaani namba kama wachezaji wa mpira. Mteja akimpenda mtu hasemi jina, anasema namba. Wateja wenyewe wazee wa Kizungu, Wajapani, Wahindi, na vijana wamekuja kwa kundi kushangilia bwana harusi mtarajiwa. Hao vijana ndio wana kelele. Wazee wametulia, wanajua wamefuata nini.

Sasa sikilizeni hesabu, maana mimi ndicho kilichonishangaza kuliko nguo zenyewe. Ukikaa unanunua kinywaji chako. Msichana akikaa na wewe, unamnunulia na yeye. Kinywaji chake ni ghali kuliko bia yako, na sehemu ya ile hela ndiyo posho yake. Ukitaka kuondoka naye, unailipa baa faini kwanza. Wenyewe wanaiita faini ya baa, yaani unalipa kwa kuwa unamtoa mfanyakazi kazini. Hapo bado hujampa yeye chochote, bei yake mtaelewana pembeni. Akichelewa kazini anakatwa. Asipofikisha idadi ya vinywaji anakatwa. Kuna mama msimamizi, wanamwita mamasan, ana daftari na hasahau.

Dada mmoja alikaa na sisi, Braza akamnunulia kinywaji. Kiingereza chake kilikuwa sawa na changu, kwa hiyo tulielewana vizuri. Anatoka Isan, ule ukanda wa kaskazini mashariki, wakulima wa mpunga, ndiko wanakotoka wengi wao. Akatuonyesha simu: binti yake wa miaka kama sita amevaa sare za shule, amesimama na bibi yake mbele ya nyumba ya tofali iliyoishia kwenye lenta. Akagusa ile nyumba kwenye kioo, akajigusa kifuani. Mimi najenga. Nikakumbuka nyumba ngapi za uswahilini kwetu zimepauliwa na hela ambayo hakuna anayeuliza imetoka wapi.

WALIANZAJE HAWA

Wengi wanadhani Thailand imeruhusu hii biashara. Hapana. Imekatazwa tangu mwaka 1960, na sheria inayotumika sasa ni ya 1996. Ni kama kwetu tu: sheria ipo kwenye kabati, biashara ipo barabarani.

Ilipokuja kuwa kubwa hivi ni wakati wa vita vya Vietnam. Marekani walikuwa na kambi Thailand, na mwaka 1967 serikali ikakubaliana nao kwamba wanajeshi waje kupumzika kule. Unajua mwanajeshi wa miaka 20 akitoka vitani na mshahara mfukoni anapumzika vipi. Patpong ikawaka, Pattaya ikakua kutoka kijiji cha wavuvi. Hata Soi Cowboy, kichochoro kingine cha taa nyekundu pale karibu na Asok, kimechukua jina la Mmarekani aliyewahi kuwa jeshini, akafungua baa miaka ya sabini na alikuwa anapenda kuvaa kofia ya kikauboi. Vita vikaisha, wanajeshi wakaondoka, watalii wakakalia viti vilevile.

Ila kuna kitu niwape maua yao. Ukimwi ulipowavamia hawakujifanya hawaoni. Mwaka 1991 wakaanzisha mpango nchi nzima wa kondomu asilimia 100: kwenye madanguro hakuna kondomu, hakuna huduma. Maambukizi yakashuka sana. Yupo mzee mmoja maarufu, Mechai Viravaidya, alihubiri kondomu mpaka watu wakaanza kuziita kwa jina lake. Mgahawa wake upo Soi 12, umepambwa kwa kondomu kila kona. Nilipita nikapiga picha, ndiyo ile mliyocheka.

NG'AMBO YA PILI YA BARABARA

Kumbe mimi nilikuwa bado sijaona kitu. Usiku wa tatu tukavuka Sukhumvit kwenda Soi 3, upande wa Waarabu. Migahawa ya mandi, shisha, maduka ya dhahabu, wagonjwa wa Kiarabu na familia zao waliokuja hospitali kubwa ya pale. Njaa ilikuwa inauma, tukitafuta wali unaoeleweka. Na pembeni ya barabara, nje, bila baa, bila muziki, bila namba, wamesimama dada weusi. Wetu. Waafrika.

Braza akaongeza mwendo. "Usiwaangalie hao, wanatutia aibu." Mimi nikawa nyuma yake hatua chache, ndipo nikasikia mmoja anaongea na simu: "Haya mama, lala salama. Mwambie anywe dawa." Kiswahili cha pwani kabisa, kimenyooka.

Nikasimama. Nikasema, "Dada, habari za saa hizi?"

Aliniangalia kama nimemmwagia maji. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akajibu chini chini, "Salama kaka. Usisimame hapa kama hununui, watanigombeza." Nikamwambia basi tununue chakula. Akafikiria, akasema dakika 20, zaidi ya hapo inabidi awe na hela ya kuonyesha. Braza alinuna lakini akakaa meza ya jirani.

Alikuwa anauza chakula kwao. Kuna mwanamke wa mtaani kwao, ana bangili za dhahabu, anasafiri, anaheshimika, akamfuata: kazi ya hoteli Bangkok, dola 700 kwa mwezi, tiketi nakukopesha. Wala hakutekwa. Aliagwa kwa ubani na dua. Alipofika, mwanamke mwingine akampokea, akachukua pasipoti "akamtunzie", kesho yake akaambiwa deni lake ni dola 7,000 na hoteli hakuna. Kitanda analipia. Chakula analipia. Akiumwa, siku inahesabiwa. Mwaka na miezi minne analipa, deni halijafika nusu. Wale wa Nana Plaza wana daftari la mamasan, na ukilichoka unarudi Isan kwa basi. Yeye basi lake lipo wapi?

Nikamuuliza kwa nini asiende polisi. Akasema viza yake ya utalii iliisha zamani, na bosi alimwambia atafungwa miaka kumi.

Kesho yake nilikaa na intaneti ya hoteli nikasoma. Kuzidisha siku Thailand faini ni baht 500 kwa siku, na mwisho wake ni baht 20,000, haizidi hapo. Baht wakati ule ilikuwa inacheza kwenye shilingi 70, kwa hiyo ni kama milioni moja na laki nne. Ukijisalimisha mwenyewe unafungiwa kuingia nchini kwao kwa muda, ukikamatwa ni mbaya zaidi maana unawekwa mahabusu ya uhamiaji. Na ukiwa umesafirishwa kwa kudanganywa, sheria yao inakuhesabu mwathirika. Ipo namba 1300 ya ustawi wa jamii. Lipo Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, linarudisha watu makwao. Yaani kilichomshika dada wa watu ni uongo wa miaka kumi, kuliko hata ile pasipoti. Nilimtumia yote kwa maandishi. Akajibu "Asante mdogo wangu", basi.

Lakini tuirudie ile meza. Dakika zilipobaki chache akaniambia shida yake, na haikuwa kurudi kwake. Mdogo wake wa mwisho amemaliza kidato cha nne. Yule mama wa bangili ameshamshughulikia pasipoti, tiketi bado wiki tatu.

"Si umwambie asije?"

Akanyamaza kidogo. "Nikimwambia ataniuliza mbona wewe hurudi. Na bosi amesema akifika, kwenye deni langu inatoka elfu mbili."

Alisema hivyo akiwa anaangalia wali. Halafu akaomba kalamu, akaandika namba mbili nyuma ya risiti yangu ya Pratunam. Ya mdogo wake na ya mama yao. "Mpigie wewe. Mama usimwambie ninachofanya. Nakuomba kwa Mungu."

NILIPORUDI BONGO

Nikampigia mdogo mtu. Akanisikiliza kama dakika moja, akasema, "Kaka, kwani wewe nani? Dada anatuma hela kila mwezi, mama amepauliwa nyumba. Wewe roho mbaya tu." Akakata.

Ikabaki namba ya mama. Nilikaa nayo siku mbili nikiwaza nitaongeaje bila kuongea. Nikapiga.

"Shikamoo mama. Mimi nimetoka Bangkok, nimeonana na binti yako, anakusalimu."

"Marahaba mwanangu. Umemwona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu mama."

"Amenenepa au amekonda?"

"Amekonda."

Kimya. Nikasikia kuku wanalia kwake. Nikamwambia tu kwamba huyu mdogo, kabla hajapanda ndege, waombe jina la hoteli, waombe mkataba, waombe kibali cha wakala. Akasema, "Nimekuelewa mwanangu. Mungu akulinde." Hakuuliza lingine lolote. Kuna mambo mama hahitaji kuambiwa.

Siku ya safari ilipofika pasipoti haikuonekana. Ilitafutwa nyumba nzima. Mimi nimeyajua haya kutoka kwa yule mdogo mtu mwenyewe, kwenye sauti aliyonitumia akilia na kunitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwamba nimemharibia maisha, mama yake kaificha kwenye debe la mchele mpaka ndege imeondoka. Halafu akanibloku. Sina neno. Anitukane akiwa kwao.

Dada mkubwa naye nilimwandikia kumwambia mdogo wake hajaja. Tiki moja mpaka leo. Sijui kama amebadilisha laini, sijui kama amepiga ile 1300, na sijui ile elfu mbili isiyotoka ilimletea nini kwa bosi wake. Aliyajua yote hayo wakati anaandika zile namba.

Kwa hiyo wale mnaouliza watoto wa Bangkok vipi, mmoja wao ndiye huyo. Na wewe dada unayesoma hapa umepata mchongo wa hoteli nje ya nchi, mtu anakukopesha tiketi bila hata kukujua vizuri, uliza maswali yale matatu: jina la hoteli, mkataba, kibali cha wakala kutoka serikalini. Bongo tuna sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008, na huyo mama wa bangili inamhusu. Akikasirika kwa sababu umeuliza, ameshakujibu. Na pasipoti yako ukifika ugenini usimpe mtu akutunzie, hata akiwa anaongea Kiswahili kizuri kuliko changu.