Skani Negativu za Shosho Kwanza

Wasee, siku hizi mtu akipata kamera ya filamu anaanza kutuangalia sisi wa dijitali kama watu hatujui kupiga picha. Ati filamu ndiyo ya ukweli. Sawa, lakini picha yako ikishaskaniwa ni faili, kama tu yangu. Unaihariri kwa programu ileile, na inaishia kwa simu ileile.

Mimi hupiga dijitali na sioni haya. Harusi ama ruracio haitoshi kwa roli ya picha 36. Mwanga ukipungua naona papo hapo, naongeza ISO, kazi inaendelea. Ni kweli negativu ya rangi huvumilia mwanga mwingi, na kwa dijitali sehemu nyeupe ikishaungua hakuna cha kurudisha. Lakini hesabu pesa ya roli, ya kuosha na ya kuskani, halafu uniambie hiyo raha ni ya kila wikendi.

Mahali naipa skana heshima zake ni kwa negativu za zamani. Kwa shosho kuna bahasha zimejaa. Picha zenyewe ziligawanywa kitambo, zingine zimeshikana kwa albamu. Kuna moja ya ukutani ambapo guka anaonekana bega tu, studio ilikata pembeni. Kwa negativu yuko mzima, anacheka. Hatuna picha nyingine yake akicheka. Sasa niambie, ni kamera gani mpya itaenda kumpiga guka leo?

Na si kazi ngumu. Negativu ya 35mm ina milimita 24 kwa 36. Ukiskani kwa dpi 2400 unapata pikseli zaidi ya milioni 7, inatosha kuprinti na kuweka kwa fremu. Shika kandokando, pepeta vumbi kwanza. Kama ni ya nyeusi na nyeupe, zima ile sehemu ya skana ya kuondoa vumbi kwa infraredi, kwa sababu chembe za fedha huzuia huo mwanga na picha inaharibika. Weka faili mahali pawili, simu huibiwa. Na negativu usitupe!

Kwa hivyo kabla ununue roli mpya, ukienda ushago uliza zile bahasha ziko wapi. Unyevu na joto vinazila polepole, na shosho ndiye anajua majina ya walio kwa hizo picha. Skani akiwa hapo kando yako.