Ujira na Amana

Ujira ni mwalimu asiyeshika bakora. Huwafundisha watu la kufanya bila kusema neno. Huko Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, wachimbaji wadogo wengi wa dhahabu hawana mshahara. Fungu lao ni mifuko ya mawe iliyotoka shimoni. Basi macho huwa kwenye mfuko, na magogo yanayozuia shimo lisiporomoke husahauliwa.

Zahanati nayo ni vivyo hivyo. Mwaka 2015 Serikali ilianza wilayani Kishapu, katika mkoa huo huo, kuvilipa vituo vya afya kwa kadiri ya huduma zilizotolewa na kuhakikiwa. Mkoa wa Pwani ulitangulia kujaribu malipo ya namna hiyo mwaka 2011, na kina mama waliojifungulia vituoni wakaongezeka. Hilo ni jambo la kushukuriwa.

Lakini tazama: hulipwa kile kinachohesabika. Uzazi huandikwa daftarini. Upole aliofanyiwa mzazi usiku wa uchungu hauandikwi. Mimi ni mwalimu wa chuo, nayafahamu haya. Ukinilipa kwa kila juzuu, mwanao atahitimu upesi, na matamshi yake yatakuwa mabovu.

Je, tusilipe? La, hasha. Mfanyakazi ana haki ya ujira wake, tena kwa wakati. Ila kazi yake ni amana. Kwa hiyo, wewe uliye katika kamati ya zahanati, usitosheke na daftari. Mwulize mama mwenyewe alihudumiwa vipi.